Je, tovuti izuie kitufe cha Rudi? Fomu ya mikopo ya pembejeo, Rungwe na Umalila

MjiKijani

Habari za leo wakuu. Naomba mawazo ya wanaotengeneza mifumo, hasa mnaojua hali ya mtandao wa huku kwetu.

Kuna fomu ya mtandaoni ya kuombea mkopo wa pembejeo kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo. Wengi ni wakulima wa viazi wa Umalila na wa parachichi wa Rungwe. Fomu ina hatua 5: taarifa za mwanachama pamoja na namba ya NIDA, shamba, pembejeo anazotaka, wadhamini 2, kisha kuhakiki na kutuma. Imeandikwa kwa PHP na MySQL. Hatua zote zimo kwenye ukurasa mmoja, JavaScript ndiyo inayoficha hii na kuonyesha ile. Watumiaji wengi wana simu za Android za bei nafuu, wengine wanajaziwa steshenari Mwanjelwa au Tukuyu mjini.

Matatizo ni matatu. Maombi yanajirudia: mtu yuleyule, mbolea ileile mifuko 6, mara 2 au 3 ndani ya dakika moja. Halafu watu wanalalamika kwamba wakibonyeza Rudi wakiwa hatua ya 4 wanatupwa nje kabisa na kila walichoandika kimepotea. La tatu ni kompyuta za steshenari: mtu akishatoka kwenye akaunti yake, anayekaa kiti kilekile akibonyeza Rudi anaona shamba, wadhamini na namba ya NIDA ya aliyemtangulia.

Uongozi unataka dawa moja kwa yote: ukurasa uzuie kitufe cha Rudi, uzuie F5, uzuie kitufe cha kulia cha mausi, uzuie kubandika namba ya NIDA ili mtu aandike mwenyewe kwa umakini, na kwenye simu uzuie kukuza skrini ili mpangilio usivurugike. Inawezekana kiufundi? Na hata kama inawezekana, ni sahihi?

FundiKihesa

Kamwene mkuu. Si sahihi, na sehemu kubwa haiwezekani kwa uhakika. Hayo matatizo matatu yana vyanzo vitatu tofauti, na hakuna hata kimoja kilichoko kwenye kitufe cha Rudi. Kitufe hicho ni cha mwenye simu. Tovuti ni mgeni tu kwenye kivinjari chake.

Nianze na maombi yanayojirudia, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Mtu anabonyeza Tuma, mtandao wa Mwakaleli unasuasua, sekunde 10 hakuna kitu, anabonyeza tena. Maombi mawili yameshafika kwenye seva na hakugusa kitufe cha Rudi kabisa. Au anapata jibu, anarifreshi ukurasa, na kwa kuwa jibu lenyewe lilitoka kwa ombi la POST (la kutuma data), kivinjari kinarudia POST ileile. Kwa hiyo hata ukifaulu kuzuia Rudi, njia hizo mbili zitabaki wazi.

Dawa ya kurifreshi: seva ikishahifadhi ombi, isichore ukurasa wa "Asante" hapohapo. Ijibu kwa hali 303 na kichwa cha Location kinachoelekeza kwenye /ombi/2417/risiti. Kivinjari kitaufungua ukurasa huo kwa GET (kusoma tu). Mtu arifreshi mara 20 akipenda, anasoma risiti tu.

Dawa ya kubonyeza mara mbili: tokeni ya matumizi moja. Fomu inapofunguliwa, seva itengeneze neno la nasibu, kwa PHP ni bin2hex(random_bytes(16)), linatoka na herufi 32. Liweke kwenye fomu kama uga uliofichwa. Kwenye jedwali la maombi ongeza safu ya CHAR(32) yenye UNIQUE, yaani thamani isijirudie. Ombi la pili lenye tokeni ileile litagonga kizuizi hicho, MySQL itarudisha kosa namba 1062. Lidake kosa hilo, tafuta ombi la kwanza lenye tokeni hiyo, umpeleke mtu kwenye risiti yake. Haoni kosa lolote, anaona ombi lake limepokelewa, ambayo ndiyo kweli.

Hapa wengi wanakosea: wanaandika SELECT kuangalia kama tokeni ipo, ikikosekana ndipo wanafanya INSERT (kuandika). Maombi mawili yakipishana kwa robo sekunde, yote mawili yatauliza, yote mawili yataambiwa haipo, na yote mawili yataandikwa. Acha databesi yenyewe ndiyo ikatae.

Kuna jambo moja la kuangalia. Mtu amekwisha tuma, akarudi nyuma, akabadilisha mifuko 6 kuwa 8, akatuma tena kwa tokeni ileile. Usiimeze kimyakimya ukampa risiti ya mifuko 6, maana ataondoka akiamini amepata 8. Linganisha maudhui. Yakitofautiana, mwonyeshe ombi lililopo na umuulize kama anataka kulibadilisha, kama halijapitiwa na kamati. Anayetaka mkopo wa pili kweli aanzie kwenye kitufe cha Ombi Jipya, ambacho kinatoa tokeni mpya.

Kitufe cha Tuma ukizime baada ya mbonyezo wa kwanza, sawa, kinampunguzia mtu wasiwasi kama kitaandika "Inatumwa…". Ila kirudishe mtandao ukifeli, la sivyo ameganda. Na usikihesabu kama ulinzi.

Uyole_Msimbo

FundiKihesa amemaliza la kwanza. La pili, kutupwa nje ukiwa hatua ya 4, limesababishwa na muundo wa fomu yenyewe. Kivinjari kinahesabu kurasa, hakihesabu hatua. Kwa macho ya mkulima amepita kurasa 4, kwa kivinjari yuko kwenye ukurasa uleule mmoja. Akibonyeza Rudi, kivinjari kinampeleka kabla ya fomu. Hapo kimefanya kazi yake sawasawa, fomu ndiyo iliyomficha hatua.

Njia nyepesi na imara: kila hatua iwe na anwani yake, /ombi/2417/hatua/1 hadi 5, na kila akibonyeza Endelea hatua hiyo ihifadhiwe kwenye seva kama rasimu. Hapo Rudi inamrudisha hatua ya 3 ikiwa imejaa, bila skripti yoyote. Mtandao ukikatika, akifungua kesho anakuta rasimu yake. Kwa simu yenye kumbukumbu ndogo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: akitoka dakika mbili kwenda kusoma SMS, Android inaweza kuufunga ukurasa ule nyuma yake, na akirejea unapakiwa upya ukiwa mtupu.

Ukitaka kubaki na ukurasa mmoja, tumia history.pushState (kuongeza hatua kwenye historia ya kivinjari) kila anapobonyeza Endelea, na usikilize popstate, tukio la kubonyeza Rudi, ili Rudi ionyeshe hatua iliyotangulia. Namba ya ombi iwe kwenye anwani, usiiweke kwenye sesheni (kumbukumbu ya seva kuhusu aliyeingia) peke yake. Mhudumu wa steshenari akifungua maombi ya wanachama wawili kwenye tabo mbili, sesheni itachanganya wadhamini wa huyu na shamba la yule.

Sasa ule mtego ambao uongozi unautaka. Unafanyika hivi: ukurasa ukifunguka, skripti inasukuma ukurasa huohuo kwenye historia, na kila popstate ikija inasukuma tena. Mtu anabonyeza Rudi, anabaki palepale. Tangu 2019 Chrome inaruka kumbukumbu za historia zilizoongezwa bila mtumiaji kugusa chochote kwenye ukurasa. Akigusa, mtego unashika, asipogusa, haushiki. Matokeo yake mtu mmoja anakwambia kitufe hakifanyi kazi, mwingine anakwambia kinafanya, na wote wanasema kweli. Tena akibonyeza Rudi kwa muda mrefu anapata orodha ya kurasa zote na kuruka anakotaka. Asiyejua mbinu hiyo atafunga tabo nzima, na rasimu itakuwa imekwenda nayo. Yaani umezuia kupoteza kwa njia moja ukamsukuma mtu kwenye njia inayopoteza zaidi.

Kitu halali kilichopo ni beforeunload, yaani kumuuliza mtu kama kweli anataka kuondoka. Ujumbe wake huuandiki wewe. Tangu 2016 Chrome inaonyesha maneno yake yenyewe, kwa sababu tovuti za kitapeli zilikuwa zinaandika vitisho humo. Haitokei kama mtu hajagusa ukurasa, na kwenye simu, programu ikifutwa kwenye orodha ya zilizofunguliwa, haiitwi kabisa. Iweke pale tu kuna maandishi ambayo hayajahifadhiwa, na uiondoe mara yakihifadhiwa. Kwa simu tegemea visibilitychange: ukurasa ukifichika, tuma rasimu kwa navigator.sendBeacon. Kikomo chake ni kilobaiti 64, fomu yako haifiki hata robo.

MzeeWaIpogolo

Naomba nipinge kidogo. Kuna mifumo ya fedha mingi tu, ukibonyeza Rudi inakwambia sesheni imekwisha, anza upya. Hawa nao wana wataalamu. Na vyuo vinafanya mitihani ya mtandaoni ambapo mwanafunzi haruhusiwi kurudi swali lililopita. Tukisema kuzuia ni kosa siku zote, si tunakwenda mbali mno?

FundiKihesa

Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito, ila ndani yake kuna vitu viwili.

Kuzuia mwenendo wa kazi ni haki ya seva. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kwa mfano, ina mpangilio wa mtihani wa kwenda kwa mfuatano: ukishapita swali la 4 hurudi. Mwanafunzi anaweza kubonyeza Rudi atakavyo, seva ndiyo inayokataa jibu jipya la swali la 4. Kivinjari hakijaguswa. Hilo ni tofauti kabisa na kukiziba kitufe.

Mifumo inayosema sesheni imekwisha, mara nyingi ni kwa sababu seva inakumbuka "mtu huyu yuko hatua ya 3" mahali pamoja tu. Akirudi hatua ya 2 seva inachanganyikiwa, na aliyeiandika akaona heri amfukuze. Ni udhaifu wa muundo uliovaa nguo za usalama.

Kuziba kweli kuna mahali pake, pale kifaa kinapokuwa cha taasisi. Tableti iliyofungwa kaunta ya chama, kila mwanachama anakuja kuangalia salio, hiyo izibwe. Lakini inazibwa kwenye kifaa, tovuti haihusiki: Chrome na Firefox kwenye kompyuta zinafunguliwa na --kiosk, kwenye Android kuna kubandika skrini (kuifunga kwenye programu moja) tangu toleo la 5. Ukifanya hivyo ongeza vitufe vyako vya Rudi na Anza Upya ndani ya ukurasa, kwa sababu mwambaa wa kivinjari umeondoka, na futa sesheni baada ya sekunde 60 za ukimya. Kwa mitihani kuna Safe Exam Browser ya ETH Zürich, na Moodle inaielewa moja kwa moja tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020. Ni ya Windows, macOS na iPad. Wanafunzi wenye Android pekee itawaacha nje, na hilo lijulikane kabla ya ratiba kubandikwa.

MzeeWaIpogolo

Marahaba. Hapo kwenye kifaa cha taasisi na kifaa cha mtu tumeelewana.

Dada_wa_Makambako

Mmeacha la steshenari na kwangu ndilo zito kuliko yote. Namba ya NIDA ya mtu na majina ya wadhamini wake yakionekana na asiyehusika, tayari mko kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

MjiKijani, angalia kwanza kitufe chako cha Toka kinafanya nini. Kama kinafuta kuki tu (kitambulisho kidogo anachotunziwa mtu) upande wa kivinjari, sesheni bado hai kwenye seva. Iharibu huko, kwa PHP ni session_destroy, kisha futa kuki.

Hata hivyo Rudi bado itaonyesha ukurasa, kwa sababu vivinjari vya sasa havipakii upya. Vinagandisha ukurasa mzima kwenye kumbukumbu na kuurudisha kama ulivyokuwa, pamoja na yaliyoandikwa kwenye nyuga. Firefox na Safari wamefanya hivyo miaka mingi, Chrome ya Android tangu 2020 na ya kompyuta tangu 2021. Seva haiulizwi chochote, ndiyo maana kuharibu sesheni peke yake hakutoshi.

Kwenye kila ukurasa wenye taarifa za mtu weka kichwa Cache-Control: no-store, kinachokikataza kivinjari kutunza nakala. Kwenye jibu la Toka ongeza Clear-Site-Data chenye "cache" na "storage", kinasomwa kwenye HTTPS tu. Halafu kwa uhakika zaidi weka skripti fupi inayosikiliza pageshow, na event.persisted ikiwa kweli (ukurasa umetoka kwenye kumbukumbu) iite location.reload. Ukurasa utaomba upya, seva itaona hakuna sesheni, itapeleka mtu kwenye kuingia.

Ila hapa kuna mgongano na alichosema Uyole_Msimbo, ni muhimu uuone mapema. Ukiweka no-store kwenye hatua za fomu, mtu akibonyeza Rudi ukurasa unaombwa upya kutoka seva, na nyuga alizojaza bila kubonyeza Endelea zitakuwa tupu. Kwa hiyo rasimu ya seva inakuwa lazima, si pambo. Na usiiweke kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari: kwenye kompyuta ya steshenari inabaki hata kivinjari kikifungwa, anayefuata anaikuta. sessionStorage inaisha tabo ikifungwa, lakini wengi hawafungi tabo. Seva ndiyo salama.

Wala usiweke no-store tovuti nzima. Ukurasa wa bei za mbolea na masharti ya mkopo hauna siri ya mtu. Uache ukae kwenye kashe, mtu wa Makete asipakue picha zilezile kila akirudi nyuma.

Nirudi kwa yale madogo ya uongozi.

Kubandika namba ya NIDA. Namba ile ina tarakimu 20. Kumlazimisha mtu aziandike kwa kidole gumba kwenye skrini iliyopasuka, wakati anayo kwenye SMS, ndiko kunakoleta makosa. Ruhusu abandike. Kisha ondoa mistari na nafasi kabla ya kuhakiki, kwa sababu wengi wanayo kwa mpangilio wa 8-5-5-2. Uga uwe type="text" na inputmode="numeric" ili kibodi ya tarakimu ifunguke. Usitumie type="number": tarakimu 20 ni nyingi kuliko JavaScript inavyoweza kushika kwa usahihi kama namba, za mwisho zitabadilika bila onyo. Kwenye databesi nayo iwe CHAR(20). Umakini unaoutafuta uupate kwa kuhakiki: tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ziwe tarehe halisi na zilingane na ile aliyojaza. Nywila nayo usizuie kubandika. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 unataka tovuti ziruhusu, ili watu watumie programu za kutunza nywila.

Kukuza skrini. Wanachama wengine wana miaka 60 na zaidi, miwani wameiacha nyumbani. user-scalable=no inawanyima kusoma masharti ya mkopo wanaoutia saini. WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inadai maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200, na Safari ya iPhone imekuwa ikipuuza zuio hilo tangu iOS 10. Nadhani uongozi uliona fomu ikijikuza yenyewe mtu anapogusa uga. Hilo linatokea kwenye iPhone maandishi ya uga yakiwa chini ya pikseli 16. Yafanye 16, imekwisha.

Kitufe cha kulia cha mausi. Firefox, mtu akishika Shift na kubonyeza kulia, zuio linapitwa. Ctrl+U inaonyesha msimbo wote. Wasiwasi wangu ni kwamba anayetaka kificho hicho huwa ana kitu kwenye ukurasa ambacho hakikupaswa kuwepo. Angalia fomu yako: kuna uga uliofichwa wenye riba au kiwango cha juu cha mkopo? Kama upo, mtu anaubadilisha kwa sekunde 5. Riba ikokotolewe seva, kutoka kwenye jedwali, na fomu isiitume kamwe.

MjiKijani

Shukrani sana wakuu wangu, na dada wa Makambako hasa. Nimeangalia: kuna uga uliofichwa unaoitwa riba. Unaondoka leo.

Naandika pendekezo kwa uongozi hivi: anwani kwa kila hatua, rasimu kwenye seva, tokeni, 303, no-store kwenye kurasa za mwanachama tu. Nijaribu vipi nikiwa Mbeya mjini ambako mtandao ni mzuri?

Uyole_Msimbo

Fungua zana za msanidi kwa F12, sehemu ya mtandao, chagua kasi ya 3G. Kisha fanya haya kwa mikono: bonyeza Tuma mara tatu haraka. Rifreshi kwenye risiti. Bonyeza Rudi kutoka kwenye risiti utume tena. Zima data katikati ya hatua ya 4, washa, endelea. Fungua maombi mawili kwa tabo mbili. Toka, kisha Rudi. Hesabu maombi yaliyoandikwa kwenye jedwali kila mara, usiridhike na kinachoonekana kwenye skrini. Na rudia yote kwenye simu halisi ya bei nafuu, maana kompyuta yenye kumbukumbu kubwa haitakuonyesha ukurasa ukifungwa nyuma yake.

MjiKijani

Swali la mwisho. Nimejaribu kuongeza safu ya tokeni kwenye nakala ya databesi, MySQL inakataa. Maombi ya zamani hayana tokeni, yote yanapata thamani tupu na UNIQUE inaona yanagongana.

FundiKihesa

Umeweka NOT NULL. Iondoe. Safu iruhusu NULL, maombi ya zamani yabaki na NULL. UNIQUE ya MySQL inakubali NULL nyingi uwezavyo. Lakini mlango huohuo utabaki wazi kwa maombi mapya: tokeni ikifika tupu na msimbo ukaiandika kama NULL, marudio yatapita tena kama zamani. Kwa hiyo kabla ya INSERT, PHP ihakikishe tokeni ina herufi 32 kamili na ndiyo seva iliyoitoa. Isipokuwa hivyo, isiandike kitu, imrudishe mtu hatua ya 5 na tokeni mpya, rasimu yake ikiwa palepale.